Msimbazi Ukiwa Mtoto

Mimi Msimbazi naujua kwa harufu.
Naujua kwa mstari wa tope ukutani,
juu kidogo ya swichi ya taa,
mstari nilioupaka rangi mara mbili
na mara mbili ukarudi.
Naujua kwa cherehani yangu ya miguu
niliyoikuta uani kwa jirani, imelala chali,
mkanda nje kama ulimi wa mbwa,
na sare kumi na nane za shule
zimenasa kwenye nguzo za daraja,
zikinipungia mikono.

Kwa hiyo Siwatu aliponiambia, Bibi,
mto wetu unaanzia Pugu, mwalimu kasema,
nilimjibu: uanzie unakotaka,
mradi usiishie kwangu.

Lakini mjukuu akishika neno ni kupe.
Jumapili tukapanda gari, tukashuka, tukapanda jingine,
tukakata tiketi ya msitu kwa kijana mmoja, Kondo,
aliyetazama viatu vyangu, akanyamaza,
akanichongea fimbo.

Miaka hamsini na sita nimo mjini humu.
Sikujua Dar es Salaam ina kivuli kizito namna hii,
kivuli chenye umajimaji,
kinachokukaa begani kama khanga
iliyoanuliwa kabla haijakauka.
Jongoo mweusi, mnene kama kidole gumba,
alivuka njia bila kuangalia kulia wala kushoto,
nasi, watu wa foleni, tukasimama tukampisha.
Kondo akainua mkono: sikilizeni.
Nikasikiliza. Sikusikia kitu.
Akasema, hicho hicho.
Kisha hondohondo akapita juu ya vichwa vyetu,
mbawa zikivuma
kama mtu anayechana jora la drili.

Mahali fulani ardhi ikaanza kunyonya fimbo.
Majani yaliyooza, kisha jiwe,
na chini ya jiwe kitu kinameta, chembamba,
uzi unaotafuta tundu la sindano.
Huu hapa, akasema Kondo.
Nikauliza: huu nini?

Haukuwa na harufu.
Haukuwa na rangi, ila ile ya vidole vya Siwatu
vilivyokwisha kuzama ndani yake.
Nami nilikuja na maneno yangu,
nimeyatunza tangu mwaka ule wa mafuriko,
nimeyapiga pasi, nimeyakunja.
Nilitaka kuanza na cherehani.
Lakini nani anamgombeza mtoto mchanga
kwa ulevi atakaokuja kuulewa ukubwani?

Nikavua viatu.
Nikatia mguu mmoja; miwili haikuenea.
Ukanizunguka kifundo, ukacheka kidogo,
ukaenda zake.

Tulikula mihogo ya kuchoma juu ya gogo.
Palipo na upenyo wa miti Kondo akatuonyesha mji:
moshi, mabati, meli zimepanga foleni baharini,
ndege ikiinama kuelekea kiwanja.
Siwatu akatafuta paa letu,
akasema kaliona.
Sikumbishia, ingawa kutoka pale
Kariakoo nzima ilikuwa alama ya chaki
kwenye kitambaa ambacho fundi hajakikata.

Usiku, kitandani Kigogo,
nyayo zangu bado zina ubaridi,
nikapiga hesabu. Sisi tumerudi kwa gari.
Maji yale yanakuja kwa miguu.
Yatapita Gongo la Mboto, yatapita Vingunguti,
kila mtaa utayafundisha neno lake,
na yakifika nyuma ya choo changu
yatakuwa meusi, yana haraka,
hayatanikumbuka.

Siku ya tatu nikafungua dirisha la nyuma,
lile nililolipigilia misumari.
Harufu ikaingia bila hodi.
Siwatu akaziba pua.
Nikamwambia: usalimie.
Mnajuana.